Dhahabu Nyekundu Kwenye Roli za Baba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinipa kichupa cha maji mekundu, akaniambia nikishike vizuri. "Hiyo ni dhahabu," alisema. Mimi, binti wa sonara wa Amu, nilidhani ananitania kwa ugeni wangu.

Kumbe kweli. Dhahabu ikiwa punje ndogo mno, ndogo hata kuliko vijidudu vya maradhi, rangi yake huwa nyekundu. Tulizichanganya punje hizo na plastiki, tukaikausha ikawa utando, kisha tukaukandamiza. Punje za mviringo zikibanwa huwa bapa, na umbo likibadilika, rangi nayo hugeuka. Kazi yangu ilikuwa hiyo hadi nastaafu: kubana, kupima, kubana tena. Sikuichoka.

Aliyenipa taabu ni baba. Ufundi wake aliwarithisha kaka zangu. Mimi aliwaambia majirani ni karani huko Mombasa. Iliniuma. Nilitaka anitambue kuwa nami nafua dhahabu, basi.

Likizo moja Mkuu aliniruhusu kuchukua kipande cha utando ambacho bado hakijabanwa. Nilimkuta baba karakanani akimalizia bangili, mteja wake, mama mmoja wa Pate, akingoja kando.

"Dhahabu hini nyekundu kama sharubati?" alisema baba. "Umeibiwa, mwanangu."

Nikamwomba aupitishe kwenye roli zake, vile vyuma viwili anavyotandazia fedha. Alizungusha mwenyewe, maana hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Utando ukatoka zambarau. Akausogeza dirishani, akautazama sana.

Halafu mazoea yakamponza. Sonara akishatandaza madini huyapasha moto yalainike. "Itiwe moto, isiye ikapasuka," alisema, na kabla sijamzuia ameshaushika kwa koleo juu ya makaa. Plastiki ikajikunja, ikanuka, ikawa donge. Donge jekundu. Nilicheka mpaka machozi, nikamweleza kuwa punje hizo zikipata moto hurudia umviringo wake.

Baba hakucheka. "Ukiibana yageuka, ukiipa moto yarudi," alisema polepole. "Basi ni dhahabu."

Yule mama akauliza, "Bwana, huyu ndiye binti yako karani?"

"Karani gani? Huyu ni sonara."

Sasa nimestaafu, nimerudi Amu. Vijana wa maabara wakija kunisalimu nawausia wafungue madirisha, na wasiitie plastiki moto. Wao hunitajia cheo changu cha mwisho, kirefu kweli, nami nawashukuru. Lakini cheo nilichokitaka nilipewa siku ile katikati ya moshi, na baba hakuwa mtu wa kukigawa ovyo.