Nilipopanda Kinole Kumkagua Daktari wa Video

Nilipanda Kinole, kijijini kwetu milimani, kwenda kumfukuza mtu. Habari zilinikuta sokoni Morogoro, kwenye meza yangu ya mitumba: mama ana kidonda mguuni, Sista wa zahanati ya misheni amemwambia ateremke hospitali ya mkoa akapasuliwe, naye amekataa. Anamngoja daktari Mzungu, kaka yake Sista, aliyekuja kutembea kutoka Kanada. Eti kijiji kizima kimemwona kwenye banda la video akimpasua mtu kifua. Enzi zile za ruksa kila kitu kiliingia nchini, na matapeli nao hawakubaki nyuma.

Asubuhi nilidandia lori la wachuuzi wa ndizi. Tulipopita Kiroka nikaanza kumdadisi dereva: huyo Mzungu anauza dawa? Anatafuta madini?

"Anakula ndizi tu," akasema.

Jibu hilo halikunituliza hata kidogo. Mtu asiyeomba kitu ndiye wa kuchungwa.

Mchana, Kinole. Nilimkuta nje ya zahanati, mzee mrefu mwenye mvi, akianika karafuu na akina mama. Wapita njia wanamwamkia "Shikamoo daktari," naye anaitikia. Nikamtaka Sista amwambie alete cheti chake nikione.

"Hana," Sista akasema. "Ni mwigizaji. Nimewaambia watu mpaka nimechoka, wanasema kaka yangu ni mnyenyekevu."

Mzee akasimulia, Sista akitafsiri. Alianza na matangazo ya sabuni, kisha filamu ambamo aliuawa kabla mambo hayajanoga. Baadaye televisheni ikampa udaktari, akadumu nao miaka mingi hadi mchezo ukasimamishwa. Tangu hapo hapati kazi. Kila anapokwenda wanaona koti jeupe tu. Nusu ya maneno yake sikuyaamini. Hata hivyo nikaona pa kupitia.

"Basi livae hilo koti," nikamwambia. "Mshike mama mguu, mwamuru aende hospitali. Atakutii."

"Hapana," akasema. "Kwetu mama mmoja aliwahi kuniletea mtoto wake mgonjwa, akiamini nitamtibu. Sitaki tena."

Nikamwita mpumbavu. Hilo Sista alikataa kulitafsiri.

Jioni tulifika kwa mama, Sista akitangulia kuingia kumwandaa. Harufu ya kidonda ilitupokea mlangoni, nikaogopa kweli. Mzee akachuchumaa mbele yake, Sista akitafsiri.

"Mama, mimi si daktari. Maneno yote niliandikiwa."

"Najua," mama akasema. "Nimechinja mbuzi miaka yote. Kile kifua ulichopasua hakikuwa na kitu ndani. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Haya, sasa niambie wewe, niende?"

"Nenda. Nitafuatana nawe."

Mama akanigeukia. "Na wewe ndiye uliyetaka anidanganye. Sista kaniambia."

Alfajiri tukateremka na lori, mama ameegemea bega la Mzungu, mimi nimeshikilia kikapu. Alipasuliwa siku hiyohiyo.

Nilichojifunza katika safari hiyo nilijifunzia wodini, na kiliniuma. Mama alipozinduka, nilimwinamia nikampa habari tuliyotoka kuipata kwa daktari: mguu haukatwi, utapona. Akageuza kichwa polepole upande wa pili wa kitanda, alikokaa yule mwigizaji.

"Eti ni kweli?"

"Kweli, mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Ndipo mama akafumba macho akalala.