Suti ya Kuazima Kwenye Vichanja vya Kahawa

Mwanangu, hapa nitaonekana mjinga, na nionekane tu. Nakumbuka siku niliyokwenda kwa kina Tumaini, kijiji kimoja nyuma ya Mlowo, kujitambulisha kwa baba yake kama mchumba. Tumaini kamaliza fomu foo. Mimi niliishia la saba, na kule Tunduma, mpakani, kazi yangu ilikuwa kushusha mizigo kwenye malori. Nikaazima suti kwa rafiki. Ilinibana, kwa hiyo tulikubaliana nisinyanyue mikono.

Lile la saba lilikuwa linaniuma, basi nikalifunika kwa mdomo. Nikamwambia mzee mimi ni bosi pale mpakani, lori halivuki bila neno langu. Kila sentensi nikaichomekea Kiingereza, kingine nilikitunga palepale. Tumaini kainama, anatazama vidole vyake vya miguu.

Mzee akanipeleka kwenye vichanja vyake, kahawa ya msimu mzima imeanikwa. Mimi niliyezaliwa Mbozi, niliyechuma kahawa kabla sijajua kuvaa viatu, nikamuuliza hayo ni maharage ya aina gani. Akanitazama sana.

Ghafla wingu. Mvua za mwezi wa tano kule hazipigi hodi. Nyumba nzima ikatoka mbio, mimi nikasimama, maana bosi hakimbii. Nikamwona Tumaini anapambana na nailoni ya kufunikia kahawa peke yake, upepo unamnyang'anya. Kahawa ile ikilowa bei imekufa, na ada ya mdogo wake imo humo humo. Miguu haikuniomba ruhusa. Nikavuta nailoni, nikakandamiza pembe kwa mawe, nikawa napanga watu kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, huku suti inachanika makwapa yote mawili. Haikulowa hata punje.

Sasa sikia. Kila mtu ana mahali amepungua, na si aibu. Shida ni ukitaka kupafunika kwa kishindo, kupita kiasi, mwisho unaficha hata kile unachokiweza. Mimi nilikuwa naficha la saba, nikaufukia na ujuzi wangu wa kahawa. Wewe sema ulipoishia, halafu fanya unachokijua. Mungu akupe macho ya kuona ulichonacho, na mkwe mwenye subira kama wangu.

Maana mvua ilipokatika, mzee alinipa kikombe cha chai akasema, "Yule bosi wa mpakani msalimie, mwambie hatukuelewana. Wewe kijana wa kahawa, lete wazee wako."