Pilipili za Chungu na Pilipili za Tuta

Siku yangu ya kwanza katika bustani ya Wadachi, wale Wajerumani, huko Rumonge kando ya ziwa, nilipewa kamba, si jembe. Msimamizi, mtu wa Ujiji mwenye sauti ya chini, alinifundisha kuivuta kati ya vijiti viwili ili mistari ya pilipili inyooke. Bwana Shamba, Mdachi mwenye bustani, alipenda mstari ulionyooka kuliko mboga yenyewe.

Pilipili zilikuwa za jiko la askari, maana ndagala, dagaa wa ziwani, zisizo na pilipili hawakuzigusa. Lakini udongo wa karibu na ziwa ulituamisha maji. Mvua kubwa zilipofika, miche ilinyauka ingali mibichi. Ukiing'oa, mizizi imeoza.

Mke wa sajini wao, Bi Zena, alikuwa na pilipili nyekundu tele mlangoni kwake, ndani ya vyungu vilivyopasuka. Nikaenda kumwuliza siri yake.

"Siri ni kutoboa chini," akasema.

"Chini ya nini, dada?"

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akanionyesha: tundu kitakoni mwa chungu, changarawe juu ya tundu, halafu udongo uliochanganywa na mchanga na samadi kavu.

"Usimwagilie kwa mazoea," akaniambia. "Tia kidole. Kikitoka kikavu, ndipo utie maji."

Nikapanda vyungu ishirini nyuma ya ghala bila kumwambia mtu. Haukupita muda Bwana Shamba akaviona, akatuita sote.

"Hii nini? Nani ameweka mimea yangu ndani ya takataka?"

Nilijua kiboko kilitundikwa wapi. Kabla sijafungua mdomo, Msimamizi akasogea mbele.

"Ni amri yangu, bwana. Zisipozaa, niadhibu mimi."

Hakuwa ametoa amri yoyote. Ndiyo kwanza alikuwa anaviona vyungu vile. Baadaye nilipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba naye alitaka kuona kama zitazaa.

Nilitia kidole katika vyungu hivyo kila siku mpaka kucha zikabadilika rangi. Pilipili zikachanua, zikazaa. Bwana Shamba akachuma moja, akaitafuna nzima. Uso ukamwiva, machozi yakamtiririka. Alipopata sauti akasema, "Vyungu kumi, barazani kwangu." Msimamizi aligeukia ziwa ili asionekane anacheka.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa bustani yao nyingine, Gitaza, kando ya ziwa lile lile. Nilipakia vyungu vyangu mtumbwini, nikijiona najua yote. Huko vilinitia adabu. Jua la kiangazi lilivichoma. Nilimwagilia asubuhi na jioni, na bado majani yalilala. Msimamizi alipokuja kukagua, hakunigombeza.

"Huku ni mteremko, maji hayatuami," alisema. "Inua tuta, tandaza nyasi, iache mizizi itembee."

Nikahamishia miche ardhini, na mimea ile ikazaa misimu mingi. Tangu hapo nililea miche chunguni, kisha nikaipeleka tutani ikipata nguvu. Penye maji mengi tu ndipo nilipoiacha chunguni.

Vita viliwaondoa Wadachi. Mimi nikalima shamba langu hapa Gatete, karibu na Rumonge, hadi magoti yakakataa. Sasa nakaa nyumbani na miche yangu, na wanawake wa Gatete huja kuichukua na kuniuliza habari za udongo. "Amahoro, fundi," husema mlangoni, wakinitakia amani. Wakati wa Wadachi hakuna aliyeniita hivyo. Nikilisikia jina hilo, naitika kabla hawajamaliza kulitamka.