Mikia ya Herufi Juu ya Taulo

Mkokoteni umeshaacha kibaraza. Cherehani imelazwa juu yake chali kama mgonjwa, na nyuma anafuata fundi mwenyewe, kakumbatia kapu la nyuzi. Mwenye nyumba ametaka chumba chake, basi.

Mtaani wanamwita Mama Mikia, kwa jinsi herufi zake zinavyoburuta mikia mirefu. Ametarizi majina kwenye mito na mashuka tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno. Sasa anahamia kona ya duka la mdogo wa marehemu mumewe, mchapaji wa kadi za harusi.

"Shemeji, unahama au unatoroka?" mchapaji anamtania mlangoni.

"Nikitoroka utamsumbua nani? Shika huku, acha maneno."

Kona ile ina sharti. Maharusi wa siku hizi huchagua mwandiko kwenye kompyuta ya mchapaji, ule wa kuunganisha, wenye madaha, halafu wanautaka kila mahali: kwenye kadi, kwenye boksi la keki, hadi kwenye taulo. Mama Mikia akiweza kuufuata, atabaki. Akishindwa, pale itawekwa mashine ya kutarizi ya kompyuta.

Kazi ya kwanza ni taulo sita za bibi harusi mmoja, zenye jina la bwana harusi. Anaunakili mwandiko wa kadi vilevile, unene kwa unene, wembamba kwa wembamba. Bibi harusi analigeuzageuza taulo la kwanza.

"Mama, usinielewe vibaya. Kwenye kadi mume wangu kanawiri. Huku kakonda."

Kweli. Mistari myembamba imezama kwenye manyoya ya taulo, jina limebaki vipandevipande. Mchapaji anakohoa, anatazama ile kona.

"Niachie hadi kesho, mwanangu," anasema Mama Mikia.

Anatandika nailoni nyepesi juu ya taulo ili manyoya yalale, anapitisha mshono wa chini wa kuubeba ule wa juu, kisha anainenepesha mistari myembamba tu. Ile minene haigusi. Mwisho anaichana nailoni, na jina linabaki juu, zima, na mkia wake.

"Umeiharibu herufi yangu," mchapaji analalamika.

"Nimeilisha, shemeji. Karatasi haimezi herufi. Taulo linameza."

Bibi harusi alilipitishia kidole jina lile. Aliagiza na mashuka.

Tangu hapo mchapaji anazipiga picha herufi za shemeji yake, moja moja, aziingize kwenye kompyuta ziwe mwandiko kamili wa vitambaa. "Macho yangu yanachoka," anasema Mama Mikia. "Yakigoma, mikia isigome nayo."

Bibi harusi ameolewa, anakaa mtaa wa pili. Kwenye chumba cha zamani zinauzwa simu. Mashine ya kompyuta haijanunuliwa. Taulo lililokonda sasa ni la kupangusia cherehani, na cherehani iko dirishani. Herufi zimefika M. Zilizobaki Mama Mikia anazichora Jumapili, mchapaji akimshikia taa na kumlalamikia mikia.