Ulezi Mtamu wa Bernadina

Bernadina alikuwa mjane, mama wa kanisani, na mvunja sheria wa kila Jumamosi. Pombe yake ya ulezi ilinywewa na wachimbaji wa mgodi wa dhahabu uliokuwa njia ya Ushirombo, na hakuna aliyeilalamikia isipokuwa Mzungu mmoja, mtunza stoo ya chakula cha Wazungu wenzake. Watu walimwita Bwana Stoo. Huyu ndiye aliyepiga marufuku kimea cha kutengenezea pombe hiyo: atakayekutwa nacho kwenye eneo la mgodi atabomolewa nyumba na kufukuzwa. Wazungu wenyewe walikunywa ya chupa kila jioni, lakini hiyo, walieleza, ilikuwa kinga ya malaria. Askari wa mgodi, Kalisti, alipewa kazi ya kunusa nyua za watu.

Kimea chenyewe hakina uchawi. Unaloweka ulezi, unaufunika kwa majani ya mgomba hadi uchipue, unauanika, unausaga; kuchipua huko ndiko kunakoleta utamu. Bernadina alikificha uvunguni mwa kitanda, nyuma ya sanduku la marehemu mumewe.

Basi mwaka mmoja, vita ya Hitla ikiwa imekwisha zamani, tumbo la Bwana Stoo likagoma. Daktari wao akamkataza nyama, akamwamuru anywe uji. Mpishi wake, Donatus, aliyekuwa mdogo wa marehemu, akaja kwa Bernadina anatweta.

"Shikamoo shemeji. Bwana anataka unga wa ulezi."

"Marahaba. Wa kawaida umekwisha. Nina wa kimea tu."

"Shemeji, unataka nifukuzwe?"

"Kampikie tu. Kwani tumbo lake ndilo lililopiga marufuku?"

Donatus akapika, jicho moja mlangoni. Uji ukatoka mwepesi na mtamu bila hata chembe ya sukari. Bwana Stoo akanywa vikombe vitatu, akalala fofofo, akaamka akitangaza kwamba amegundua ulezi wa aina mpya. Wenzake walikuwa wameshagundua milima na maziwa yenye wenyewe, naye hakutaka kupitwa.

Dada yake alikuwa na duka huko Uingereza, la vyakula vya watu wenye matumbo ya adabu. Akampelekea gunia moja, alilomtuma Donatus kulinunua kwa Bernadina. Dada akataka mengine, na mengine tena. Bernadina akawa mfanyabiashara wa Ulaya bila kujijua: unga wake ulikwenda Mwanza kwa lori, ukavuka bahari, ukauzwa kwenye vikopo vilivyochorwa simba, ambaye tangu aumbwe hajala ulezi. Donatus ndiye aliyemsimulia hayo. Bernadina alicheka, halafu akakisukuma kimea ndani zaidi uvunguni, maana kila gunia lililoondoka lilikuwa ushahidi dhidi yake.

Siku aliyoiogopa ikafika. Bwana Stoo alikuja na Kalisti, akasimama mlangoni.

"Mama, mimi nataka ona shamba ya ulezi tamu."

Bernadina akajifunga kanga upya. Shamba analo, la mumewe, lakini ulezi uliomo ni ule ule wa kila mtu. Akawaongoza huku akiomba kimoyomoyo. Bwana Stoo akavunja shuke, akalipukuta kiganjani, akatafuna akiwa amefumba macho. Bernadina akaitazama ile taya kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Tamu," akasema Mzungu. "Tamu sana."

Angesema nini, na ameshamwandikia dada yake habari za ugunduzi wake? Ila Bernadina hakupata hata nafasi ya kushusha pumzi. Bwana Stoo aliinama, akachota udongo, akaunusa, akatikisa kichwa kwa hekima kubwa. Siri imo humu, akasema. Ni udongo wenye dhahabu. Juma lililofuata vigingi vya mgodi vikasimama pembe zote nne za shamba, na vibarua wakaingia na majembe kumlimia Bwana Stoo ulezi.

Usiku huo Bernadina alilia kwa hasira. Uongo wake ulikuwa umemnusuria nyumba, ukamlia shamba. Akisema ukweli, nyumba nayo inakwenda. Akaificha siri, akavumilia kuwaona watu wengine wakipalilia mahali alipopalilia na mumewe.

Mavuno ya Bwana Stoo yalikuwa ya kutosha. Yakasagwa yote, yakasafirishwa kwa mbwembwe. Donatus akaupika uji wa kwanza: ukaganda mzito, mchungu kidogo, kama uji wowote wa ulezi duniani. Kule Ulaya wateja wakarudisha vikopo dukani. Tumbo la Bwana Stoo likakumbuka mgomo wake.

Akaja mwenyewe uani, kofia kifuani, amekonda.

"Mama, udongo nakasirika?"

Bernadina alimtazama. Mtu huyu alikuwa akiwacheka Wasumbwa, wenyeji wa hapa, kila walipotambika, na sasa amesimama hapa anauliza habari za hasira za udongo. Akameza kicheko. Akajibu taratibu, kwa heshima zote:

"Umenuna, Bwana. Mwenyewe alikufa, akaniachia mimi. Haujui mkono mwingine."

"Mimi natoa vigingi. Udongo nataka nini ingine?"

Hapo Bernadina akainama, kama anayesikiliza kutoka chini.

"Unataka utulivu. Mavuno yakiletwa humu uani, yapumzike siku zake bila kelele za buti. Askari wakipita karibu, utamu unakimbia."

Bwana Stoo aling'oa vigingi kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akapiga marufuku nyingine, kali kuliko ile ya kwanza: askari yeyote asikaribie ua wa Bernadina. Jumamosi iliyofuata wachimbaji walikunywa uani kwa Bernadina mchana kweupe, wakaimba mpaka jua likazama, na Kalisti, koo limemkauka, akazungukia barabara ya mbali, viatu mkononi, asije akauudhi udongo.