Kusamehewa Hesabu

Kiswahili chake mama yangu alikiokota kanisani, na ndiyo maana neno moja la chuoni lilikaribia kunizuia nisirudi masomoni.

Nilikuwa nimekuja nyumbani, kijijini kwetu Ukata, kwa likizo yangu ya kwanza. Kule chuoni, kabla masomo hayajakolea, waliangalia matokeo yetu ya kidato cha sita. Aliyefanya vizuri sana hesabu hakulazimishwa kusoma tena zile za utangulizi. Alihesabiwa kuwa ameshalipita somo hilo, akapelekwa moja kwa moja darasa la mbele. Katika waliopelekwa, msichana nilikuwa peke yangu, na habari hiyo ilikuwa inaniwasha mdomoni tangu Songea. Jumamosi, tukichambua maharage jikoni, nikaimwaga. Kwa Kimatengo sikujua niisemeje, nikarukia Kiswahili.

"Mama, chuo kimenisamehe hesabu."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Wamekusamehe? Ulikosa nini?"

Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa mama, watu walisamehewa kwenye kitubio tu, na anayetoka huko akicheka hajatubu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Nilisema siingii tena darasa moja na wenzangu, nikasema sababu ni mtihani. Basi. Zilikuwa siku za soko huria, wanunuzi wa kahawa wakigombania wakulima kwa malori yao, na mama aliamini kwamba sasa kila kitu kinanunuliwa, mitihani ikiwamo.

"Umeiba mtihani," alisema. "Na Jumatatu hupandi gari lolote mpaka useme uliupata wapi."

Akachukua begi langu akalisukuma chini ya kitanda chake. Mimi nikanuna. Hasira zangu nimezirithi kwake, wala sikupunguziwa. Lakini chini ya zile hasira niliogopa kweli, maana mama akisema huendi, huendi, hata baba alikuwa anatafuta kazi ya kufanya nje.

Jumapili baada ya misa alinishika mkono, mtu mzima mimi, mbele ya kwaya nzima, akanipeleka kwa padre.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Huyu mwanangu ana jambo."

Padre alinisikiliza, akauliza alama zangu, halafu akamgeukia mama na kumweleza kwa Kimatengo, taratibu, kwamba binti yake alikuwa ameshayajua yale ambayo wenzake ndiyo kwanza wanafundishwa, kwa hiyo walimu wameona wasimrudishe nyuma. Alimaliza akiwa anacheka. Mama hakucheka.

"Kwa hiyo hakukosa?"

"Hakukosa, mama. Alipata. Alipata karibu zote."

Alinitazama, machozi yakimlengalenga, na mimi nikayasahau ya begi palepale. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

"Basi hao wa chuo hawajui Kiswahili," alisema. "Mtu aliyepata hasamehewi. Anapewa asante."

Jumatatu alilibeba begi langu mwenyewe kichwani hadi barabarani, amelijaza maharage mpaka zipu imegoma. Kila tuliyekutana naye alimsimamisha, akapokea shikamoo yake au akaitoa, kisha akaninyooshea kidole.

"Huyu mwanangu hakukosa kitu," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.