Nyonga Niliyoitolea Ushuhuda

Nilimsingizia mama yangu ugonjwa, na hilo nalikubali. Nilipoomba likizo ya miezi minne bila mshahara niliandika kwamba mama yuko mahututi Kenya. Mgonjwa alikuwa mimi. Nyonga ya kulia ilikuwa imekwisha, imemalizwa na mpira wa Ijumaa kwenye uwanja wa vumbi Al Thumama na miaka kumi na moja ya kusimama kwenye mageti ya watu kama mlinzi. Lakini soja anayechechemea hapa Doha hapewi pole, anapewa tiketi ya kurudi kwao. Nikaenda kubadilishiwa nyonga nyumbani, kimyakimya, na mama yuleyule niliyemlaza kitandani kwa maneno ndiye aliyenivalisha soksi wiki sita.

Daktari alinipa masharti: nitembee, niogelee, nipande ngazi, ila mpira wa kugongana niusahau. Niliyafuata kama mtoto wa shule. Kazi yangu ilikuwa doria ya miguu kwenye kampaundi moja Al Wakrah, kuzunguka ukuta mara nane kila zamu, na tangu nirudi sikukosa hata mzunguko mmoja. Zamu ikiisha nashuka baharini, naogelea mpaka mabega yachoke. Ijumaa nikawa nashika filimbi badala ya kucheza, nasingizia umri. Haki ya Mungu, nilikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa mwili wake.

Kilichonishinda ni kanisa. Watu wa kanisa letu la Mesaimeer walikuwa wamemwombea mama miezi minne yote. Kina dada wa kazi za nyumbani, wanaopata Ijumaa moja ya kupumua kwa mwezi, walikuwa wamefunga kwa ajili yake. Kila nikiingia mtu ananishika mkono na kuniuliza mama anaendeleaje, nami najibu vizuri huku moyo ukinichoma. Na kwetu sisi dhambi ya namna hiyo ina dawa moja: unasimama wakati wa ushuhuda, unaitema mbele ya watu, inaisha.

Ijumaa moja, maana huku ibada ni Ijumaa, nikasimama. Nikasema mgonjwa alikuwa mimi, nikaomba msamaha, nikasema sasa nina chuma mwilini na Bwana asifiwe. Kisha, mimi na ujinga wangu, nikapanda na kushuka ngazi za madhabahu mara tano ili waone. Vigelegele vikapigwa. Safu ya pili alikuwa ameketi supavaiza wangu, mtu wa kwetu, niliyelala naye chumba kimoja miaka ya mwanzo. Ndiye aliyepaza amina kuliko wote, na ibada ilipokwisha akanikumbatia huku analia. Nikajua nimesamehewa.

Jumapili nikakuta jina langu limeondolewa kwenye orodha ya doria. Nimepangiwa kiti kwenye chumba cha kamera. Nikamwambia supavaiza tuzunguke ule ukuta mara nane, mimi na yeye, atakayechoka kwanza ndiye akae. Hakunitazama usoni.

"Ndugu yangu, ulisema mwenyewe una chuma," akasema. "Ukianguka kwenye zamu yangu nitawaambia nini? Nimeshawaandikia ofisini. Ni kwa usalama wako."

Usalama wangu, ati. Miezi mitatu kwenye kile kiti nyonga ilianza kukakamaa, kwa kukaa, si kwa kutembea. Nikisimama kujinyoosha anatuma mtu aniambie nipumzike. Mkataba ulipofika mwisho, ofisi ikasema haina nafasi ya soja wa kukaa. Hakuna hata mmoja wao aliyeniambia nitembee hatua mbili aone. Nina uchungu, sifichi. Nilipodanganya nilibaki na kazi, niliposema kweli nyumbani mwa Mungu nikafukuzwa.

Ijumaa yangu ya mwisho nilishuka kituo cha mbali makusudi, nikatembea kwenda Mesaimeer juani. Mhubiri akauliza nani ana neno. Akainuka supavaiza, akaomba kanisa limwombee ndugu yao anayerudi nyumbani kwa sababu ya afya. Watu wakanigeukia, mikono ikanyooshwa kwangu. Dada mmoja aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza nisimame.

Nikabaki nimekaa, kwa hasira. Wakautazama mguu wangu, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaanza kuomba.